Safari ya Shela, Tukashukia Shella

Alhamisi usiku

Mpango kuusema ulikuwa rahisi. Jamhuri imeangukia Ijumaa, kazini hakuna, twende Lamu, turudi Jumapili jioni. Baba Nuru alishalipia chumba Shela, kule kwenye vilima vya mchanga, na mimi nilishamuahidi Nuru punda.

Nuru ana mwaka mmoja na miezi minane. Ahadi kwake ni kitabu cha picha chenye punda ukurasa wa nne, na wiki nzima tumekuwa tukisomeshana. Huyu nani? "Puda." Punda, mama. "Puda." Mji wa Lamu ni vichochoro vitupu na mizigo ingali inabebwa na punda mpaka leo, nikajiambia mtoto huyu atashiba punda mpaka awachoke.

Mkoba nilioupakia ungemtosha mtu anayehama. Pampasi kumi na nane, nilizihesabu mara mbili. Unga wa wimbi, ndizi sita, nguo za kubadilisha jozi saba, dawa ya homa, pakiti mbili za ile chumvi ya kurudisha maji mwilini, chandarua kidogo, na kigari cha kusukuma. Baba Nuru akakitazama kigari. "Shela mchanga, mji wa Lamu ngazi na mitaro. Utakisukuma wapi, Mama Nuru?" Nikakirudisha stoo, nikatia leso mbili za kumbebea mgongoni. Katika vyote nilivyopakia, hizo leso ndizo nilizozihitaji kwanza, na si kwa kubebea.

Ijumaa

Basi liliondoka Mwembe Tayari, Mombasa, saa kumi na moja na robo alfajiri. Nuru alikunywa uji wake kikombe kizima kabla hatujavuka Nyali, akalala. Baina ya Mtwapa na Kilifi barabara inapanuliwa, basi linaacha lami, linaingia vumbini, linarudi lami, abiria wote tunatikisa vichwa kama tunakubaliana jambo. Hapo ndipo alipoamka, na alipoamka alikuwa na joto. Nikamgusa shingo, nikagusa yangu, nikamgusa tena.

"Ana homa?" Baba Nuru akauliza.

"Joto la usingizi tu," nikasema, kwa sababu chumba kilishalipiwa.

Nilikuwa nimekusudia kumwonyesha bahari tukiwa juu ya daraja la Kilifi, maana jua linachomoza na maji yanang'ara chini kama bati jipya. Kabla ya daraja kwisha, uji wote ukarudi. Juala zilipigwa marufuku Kenya tangu 2017, na mimi naiunga mkono marufuku hiyo kwa moyo wote isipokuwa dakika ile moja. Nikatandaza leso mapajani, nikaikunja pembe nne kwa ndani, nikaishika kama sambusa. Mama mmoja aliyekaa nyuma yetu akanigusa bega, akanipa nusu ya ndimu. "Mnusishe, mwanangu. Na wewe nusa, uso wako umekuwa kijivu." Tukanusa wote watatu.

Mara ya pili ilikuwa karibu na Gede. Leso ya pili.

Malindi tuliingia saa mbili na nusu. Kondakta akatangaza dakika kumi. Nikashuka na Nuru begani, tukasimama kivulini karibu na mwanamke anayeuza viazi karai, na harufu ya mafuta ikamfanya mtoto ageuze uso. Kwa kawaida viazi karai ni kitu anachokimbilia.

Hesabu ilikuwa hivi. Malindi hadi Mokowe zimebaki kilomita zaidi ya 200. Unavuka Sabaki, Garsen, Witu, Hindi, na vizuizi vya polisi vya kukaguliwa vitambulisho njiani, halafu Mokowe unashuka unapanda boti. Leso zimekwisha. Na homa ikipanda tukiwa baina ya Garsen na Witu, tutamshusha wapi? Nilikuwa nayo hesabu hii kichwani tangu Kilifi. Kilichonizuia kuisema ni zile pesa za chumba, na aibu kidogo, kwa sababu mimi ndiye niliyeshikilia Lamu wakati Baba Nuru alisema twende karibu.

Yeye naye alikuwa kimya, akikuna kidevu. Mwishowe akasema, "Shangazi yangu anakaa Shella."

"Shela ya Lamu?"

"Shella ya hapa. Hapo tu, nyuma ya msikiti wa Juma."

Asiyejua Malindi ajue kwamba mtaa wao mkongwe wa Waswahili nao unaitwa Shella. Nilicheka, na ndicho kicheko changu cha kwanza siku hiyo. Nauli ya kipande kilichobaki tuliisamehe. Kondakta alituambia pesa hairudi ila mkoba ataushusha bure, akaona ametufanyia hisani.

Kabla ya kwenda kwa shangazi tulipita zahanati. Wakamtoboa kidole, tone moja la damu kwenye kipimo cha malaria, tukangoja kama robo saa huku Nuru akilia kwa hasira na si kwa maumivu. Wazazi tunazijua hizo sauti mbili. Malaria hakuna. Koo jekundu, masikio safi, kifua safi. Daktari alimpima kilo kwanza, kilo 11, ndipo akaandika kipimo cha dawa, akasema dawa ya homa huenda kwa uzito wa mtoto, umri peke yake haukwambii kitu. Nikamuuliza nini cha kunitisha. Akanihesabia kwa vidole: akikataa kunywa kabisa, akitapika kila kitu anachopewa, akishikwa na degedege, au akilegea na kulala usingizi usioamshika, mrudisheni mbio, hata kama ni usiku. "La akicheza na kunywa, mwacheni acheze."

Shangazi tulimkuta ukumbini na ungo, anachambua mbaazi.

"Hodi!"

"Karibu... Eeh! Jamani! Mbona hamkunambia? Ningekanda unga wa mahamri!"

"Shikamoo, shangazi. Wenyewe hatukujua kama tunakuja."

"Marahaba, marahaba. Leta mtoto." Akamshika Nuru, akamtazama macho, akamnusa utosi. "Huyu ana jicho. Nani alikuwa nyuma yenu garini?"

Nikamkumbuka yule mama wa ndimu, nikamtetea kimoyomoyo. Shangazi hakungoja jibu. Akamsomea, akampulizia usoni taratibu, na Nuru aliyekuwa akilia tangu zahanati akanyamaza kusikiliza upepo ule mdogo kwenye nyusi zake. Mimi nina tone la damu na kipimo cha dakika kumi na tano, shangazi ana aya, na mtoto amenyamaza. Sikuona haja ya kugombana na mtu yeyote.

Tulichopishana kidogo ni dafu. Yeye alitaka apewe glasi. Nikamwomba tuanze na kijiko. Mtoto akishatapika unangoja kama dakika kumi tumbo litulie, kisha unampa maji yale ya chumvi kijiko kimoja, dakika mbili tatu, kijiko kingine. Kazi ya kuchosha kuliko ilivyoandikwa kwenye pakiti. Kijiko kinaingia, kinatemwa nusu, unafuta kidevu, unatazama saa. Shangazi akiniangalia kwa pembe ya jicho kama mtu anayeona nyumba inajengwa kwa kokoto moja moja. Kufika kijiko cha ishirini akasogea, akakaa upande wa pili, akachukua kijiko. "Nenda ukaoge. Nimeshajua." Niliporudi alikuwa amefika arubaini na mbili, anahesabu kwa sauti, na Nuru anafungua kinywa kila akisikia namba.

Baba Nuru alikuwa ameenda kuswali Ijumaa. Aliporudi akasema amesimama kwenye yale makaburi ya nguzo ya kale kando ya msikiti, na mtu wa kumuuliza chochote hakuwepo. Akampigia simu mwenye chumba kule Lamu. Tulitegemea maneno. Bwana yule akasema mtoto kwanza, chagueni tarehe ya Februari. Kisha akauliza, "Kwani sasa mko wapi?"

"Shella," akasema mume wangu, na ikamchukua muda mrefu kueleza.

Jumamosi

Homa ilivunjika alfajiri, kwa jasho. Saa moja nilisikia makelele uani, nikatoka mbio. Nuru amesimama peku, pampasi imemning'inia mpaka magotini, anamnyooshea kidole mbuzi wa jirani.

"Puda!"

"Mbuzi, mama."

"Puda!"

Kuku alipita. Puda. Paka ukutani, puda. Niliona wiki yangu nzima ya masomo imefanikiwa kupita kiasi.

Alikunywa uji mwepesi nusu kikombe na ukakaa. Sisi tukala mbaazi na mahamri mpaka tukashindwa kuinama. Shangazi alisema mtoto asitoke. Daktari alikuwa amesema akicheza mwacheni. Tukaafikiana kutoka karibu, jua likiwa changa, na kofia.

Wazo la Baba Nuru lilikuwa boti ya kioo, ile unayoketi na kuona samaki chini ya miguu. Hifadhi ya bahari ya Malindi ipo tangu 1968 na yeye alipelekwa huko na shule akiwa darasa la tano. Hadithi ya yule samaki mwenye milia nimeisikia mara nyingi. Tukateremka pwani. Bahari ilikuwa rangi ya chai ya maziwa.

Nahodha mmoja aliyekuwa akiziba ufa wa mashua kwa pamba na nyundo hakuinua hata kichwa. "Leo mtaona kioo tu." Mvua za vuli zimejaza Sabaki, akatueleza, na mto huo unaingia bahari hapo kaskazini ya mji. Kusi ikivuma, maji ya mto yanasukumwa huko kwao mbali. Sasa ni kaskazi, inayasukuma yaje kusini, yatuingilie ghubani. Sabaki huyo ndiye Galana wa Tsavo, ndiye Athi wa kule bara karibu na Nairobi, mto mmoja majina matatu.

"Yaani huu ni udongo wa Ukambani umekuja likizo Malindi," Baba Nuru akasema.

"Na haulipi hoteli," nahodha akajibu.

Mtu mwingine angetuuzia safari. Huyu alitwambia ukweli na akarudia pamba yake, na nilitamani nimlipe kwa hilo tu. Nuru naye hakuwa na habari na samaki. Alikuwa ameketi kwenye mchanga mchafu wa rangi ya kahawa, anachota konzi moja, anaimwaga kwenye kiatu cha baba yake, anachota nyingine. Dakika arubaini. Nilizihesabu kwa sababu nyumbani hakuna kitu kimewahi kumshika dakika arubaini.

Alilala adhuhuri, akaamka na njaa, akala wali mlaini na mchuzi wa nazi. Shangazi akalegeza kamba. Tukapanda matatu ya Watamu, tukashuka Gede, kiasi cha nusu saa.

Nimefika Gede mara mbili kabla ya hapo, zote na watu wazima, na zote nilitembea kwa mwendo wa anayeongozwa: msikiti mkuu, jumba la kifalme, nyumba hii imeitwa hivi kwa sababu kilipatikana mkasi wa Kispania, ile kwa sababu ya taa ya chuma iliyotoka Bara Hindi, pale vyombo vya kauri vya China, haya twende. Mji wa Waswahili ndani ya msitu, waliuhama karne ya 17 na miti ikauingia. Na mtoto wa miezi ishirini unaona mji huo kutoka urefu wa goti, na kasi ni yake. Hatukufika nusu. Lakini sehemu tuliyofika nimeiona.

Kwa mfano mitaro. Sikuwahi kuitazama. Kwenye ua wa nyumba moja kuna mfereji uliochongwa wa kutoa maji ya mvua, Nuru akauona, akakaa chini, akaanza kutia vijiwe. Kijiwe, kijiwe, jani, kijiwe. Basi nikakaa naye, na kwa kukaa ndipo nilipouona unavyoteremka taratibu, unavyopinda kwenye kona bila ya kuvunjika, na chokaa bado imeshika. Kuna mtu aliupima huo mteremko kwa jicho miaka mia tano na zaidi iliyopita ili maji yasituame kwake, na leo binti yangu anauziba.

Nilimbadilisha pampasi hatua chache kutoka vyoo vya jumba la kifalme. Vyoo vya ndani, vya mawe. Nilitazama kushoto kulia kama mwizi, nikaifunga ile iliyochafuka ndani ya nguo, nikaitia mkobani. Ndani ya magofu hayo kila mtu alikuwa na mpango wake wa uchafu na mimi nilikuwa na wangu.

Kaburi lenye tarehe lipo karibu na lango. Limeandikwa mwaka 802 wa Hijria, sawa na 1399. Baba Nuru alikuwa akinisomea hilo, sauti ya mwalimu kabisa, mkono mmoja mfukoni na mwingine umeshika ndizi ya mtoto, pale kima alipoteremka kutoka mtini, akatembea bila haraka yoyote, akaichukua ile ndizi mkononi mwake kama mtu anayepokea chenji, akaenda kuimenya juu ya ukuta.

Kimya.

"Puda," Nuru akasema kwa heshima kubwa.

Tulicheka mpaka askari wa hapo akaja kuona kuna nini. Alituambia chakula kisitolewe nje humu, kima wameshawazoea watu. Haki yake. Tukatoka tukapita nyumba ya vipepeo ya Kipepeo, mradi ambao wakulima wanaopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke wanafuga buu, na mabuu yakishajifunga yanauzwa ng'ambo. Nuru alitazama kipepeo mmoja mweusi, akaegemeza kichwa begani kwangu, akalala. Ilikuwa saa kumi na moja kasoro. Mimi na mume wangu tukasimama tukitazama vipepeo peke yetu, mikono imegusana, kitu ambacho hakikuwa kwenye mpango wa Lamu wala wa Malindi.

Usiku alikuwa na joto kidogo tena, halikufika la kutia dawa. Shangazi aliniangalia. Sikusema neno.

Jumapili

Asubuhi baridi, mtoto mkavu, anakula. Tulitembea mpaka nguzo ya Vasco da Gama kwa sababu Malindi usipokwenda huko mtu atakuuliza. Mreno alifika hapa Aprili 1498, Mombasa wakiwa wamemkatalia, na Malindi ikampa mwongozaji wa kumfikisha India. Sisi wa Mombasa bado tuna la kusema juu ya jambo hilo, na shangazi ana majibu yake. Kwangu mimi habari kubwa ya Malindi ni ya miaka mingi kabla yake. Twiga wa Malindi alifikishwa China kwa mfalme mwaka 1415. Twiga. Kwa jahazi. Nilikuwa nikiwaza juu ya watu waliomlisha yule twiga njiani, na nani alikuwa akimshika akitapika, na mimi kilo 11 zimenishinda baina ya Mtwapa na Kilifi.

Shangazi alitufungia mahamri kwenye kitambaa, halwa kwenye kikapu kidogo cha ukindu, na leso zangu mbili alizozifua, kuzianika na kuzikunja bila ya kunambia. Juu yake akaweka ya tatu, mpya, yake. "Lamu mtakwenda?"

"Februari, inshallah."

"Mtapita hapa, basi. Mshushe mtoto apumzike." Alilisema kama ratiba, na nadhani ni ratiba.

Safari hii hatukuondoka alfajiri. Tulingoja usingizi wake wa mchana, nusu tumbo na si tumbo zima, tukachukua gari la kushirikiana, mimi kiti cha mbele na dirisha wazi. Kabla ya Gede alikuwa ameshalala, mdomo wazi, mkono umeshika sikio langu. Sabaki, kaskazi na mitaro imebaki nyuma. Dereva alikuwa mtu mpole, matuta akiyapanda moja moja.

Karibu na Matsangoni akapunguza mwendo zaidi. Mbele yetu mkokoteni wa madumu ya maji umeshika nusu ya barabara, na unavutwa na punda. Punda mwenyewe, wa kijivu, masikio yamesimama, mstari mweusi mgongoni kama wa ukurasa wa nne. Tukampita pole pole, ubavu kwa ubavu, angeweza kuguswa.

Baba Nuru akanigeukia kutoka kiti cha nyuma. Nikamtazama Nuru. Nikatikisa kichwa.

Hatukumwamsha.